Tuzo Ilipofika Dikoni: Uchambuzi wa Kisa cha Programu Huria ya Wavuvi wa Lamu

## Kisa na kusudi lake

Kisa hiki kinahusu programu huria, yaani ile ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, ya kurekodi samaki, iliyoandikwa na vijana watatu kwa ajili ya diko moja, yaani mahali vyombo vinaposhushia samaki, katika visiwa vya Lamu. Programu hiyo iliingizwa kwenye tuzo ya kimataifa ya sekta ya programu huria, ikashinda katika kipengele chake, kisha ikapitia mwaka mgumu ambao kwa sehemu kubwa uliletwa na ushindi huohuo. Majina ya watu, ya diko, ya programu na ya waandaaji wa tuzo yameondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Nimekiandika kwa sababu mialiko ya tuzo za namna hii inazidi kuwafikia vijana wa pwani, na mazungumzo yetu kuihusu mara nyingi huanzia na kuishia kwenye pongezi. Wanaoingia hawaelezwi kwamba fomu ya tuzo huhesabu kazi za aina fulani na kuziacha nyingine. Mradi usiojua mapema ni kazi ipi kati ya kazi zake haitahesabiwa huishia kugombana wenyewe kwa wenyewe, tena katika wakati ambao ungepaswa kuwa wa furaha.

## Usuli

Katika diko hili samaki hupimwa bandani mwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, ambacho kila mtu hukiita BMU, chini ya kanuni za mwaka 2007 zilizoviingiza vikundi hivyo katika usimamizi wa uvuvi na utunzaji wa takwimu zake. Kabla ya programu, karani aliandika kila kitu kwenye daftari kubwa: tarehe, chombo, nahodha, zana, aina ya samaki, kilo, bei na mnunuzi. Katika ukurasa mmoja wa msimu wa kaskazi nilioonyeshwa, chini ya changu pana vijistari vya rangi tatu, kwa sababu changu wa aina tatu huuzwa kwa bei tatu, na karani hakuwa na wasaa wa kuandika jina kamili la kila mmoja huku wanunuzi wamemzunguka. Pembeni, kwa penseli, ameandika majina yanayotumiwa na wavuvi wanaotoka Faza na Kizingitini kwa samaki walewale, ili mvuvi mgeni asije akadai kwamba kapunjwa. Daftari hilo ndilo lililozaa orodha ya samaki iliyomo ndani ya programu, na orodha hiyo ndiyo inayoifanya programu ifae diko hili kuliko mfumo wowote ulioandikwa kwingine.

Kumbukumbu za samaki zina uzito wa pekee Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari mpya. Tangu hapo swali la nani ni mvuvi, anavua wapi na anapata kiasi gani si la takwimu tu. Ni swali la haki ya mtu. Kamati ya diko ilipowaomba vijana waandike programu, sababu ya kwanza iliyotajwa kikaoni ilikuwa hiyo.

Programu yenyewe si kubwa. Karani huingiza uzani kwenye simu ya Android, simu huhifadhi kila kitu ndani yake hata mtandao ukikatika, na mtandao ukirudi rekodi hupelekwa kwenye seva iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Nahodha hupata ujumbe mfupi wenye kilo na malipo yake. Msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, uliwekwa hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia kazi za namna hii, tangu mwanzo, lakini bila leseni yoyote, na hili lina uzito katika kisa chote.

Kuhusu tuzo, inafaa msomaji ajue kwamba hazifanani. Free Software Foundation, taasisi inayotetea programu huria, ilianza mwaka 1998 kumtuza mtu mmoja mmoja, wa kwanza akiwa Larry Wall aliyeunda lugha ya Perl, na baadaye, kuanzia mwaka 2005, ikaongeza tuzo ya pembeni kwa miradi yenye manufaa kwa jamii. Tuzo hiyo ya pili iliwahi kwenda kwa Sahana, mfumo wa kushughulikia maafa uliozaliwa Sri Lanka baada ya tsunami ya Desemba 2004, na kwa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao Eldoret ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa kuutumia. Zipo pia tuzo za sekta, ambazo hutolewa na majarida, vyama vya kampuni au wadhamini wa teknolojia. Baadhi huamuliwa na wahariri au majaji, nyingine kwa kura za umma, na nyingine huchanganya njia hizo mbili. Tuzo ya kisa hiki ilikuwa ya mchanganyiko: majaji walikuwa na zawadi yao, wapiga kura wakawa na yao.

## Mwaliko na kikao cha diko

Mwaliko ulifika mwanzoni mwa kaskazi, wakati bahari inapotulia, vyombo vinatoka kwa wingi na banda linakuwa na shughuli kuliko msimu wowote. Kijana aliyeandika sehemu kubwa ya msimbo, nitakayemwita mwandishi mkuu, aliuleta mbele ya kamati badala ya kujaza fomu peke yake. Uamuzi huo mdogo uliokoa mengi baadaye, kwa sababu kila mtu alijua tangu siku ya kwanza kwamba mradi unaingia mashindanoni.

Kikao kiligawanyika. Mwenyekiti aliona tuzo kuwa njia ya kuwafanya maafisa wa kaunti waichukulie programu kwa uzito. Mhazina aliuliza nani atakayejibu maswali ya watu wa nje iwapo programu itajulikana, wakati waliopo hawamudu hata maswali ya diko lenyewe. Hakujibiwa, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba mazungumzo yaliendelea kama vile hakuuliza. Walikubaliana kuingia katika kipengele cha miradi ya manufaa ya jamii.

## Leseni

Fomu ilitaka jina la leseni, na hapo ndipo vijana walipogundua kwamba programu yao haikuwa huria kwa maana inayokubalika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi, kwa hiyo msimbo uliowekwa hadharani bila leseni unabaki mali ya walioutunga, na mtu mwingine hana ruhusa ya kuutumia, kuubadilisha wala kuusambaza. Kuonekana si kuruhusiwa. Miradi mingi ya vijana wetu iko katika hali hii bila wenyewe kujua.

Mjadala wa kuchagua ulikuwa mzuri na ulichukua jioni kadhaa. Kijana mmoja alitaka leseni ya MIT kwa sababu ni fupi na haiwafukuzi watu wa biashara. Mwandishi mkuu alitaka GNU AGPL toleo la 3, ambayo humlazimu anayeibadilisha programu na kuwahudumia watu kwa njia ya mtandao awape watumiaji hao msimbo wa toleo lake. Hoja iliyoshinda ilitoka kwa mjumbe wa kamati asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu. Alisema kwamba kampuni kubwa ikiichukua kazi ya diko, ikaiboresha na kuifunga, wavuvi watakuja kuuziwa kilichotoka mikononi mwao. AGPL ikachaguliwa kwa msimbo. Orodha ya samaki ilipewa leseni ya Creative Commons, shirika linalotunga leseni za kazi za ubunifu, ya kutaja mtunzi, toleo la 4.0, kwa kuwa Creative Commons wenyewe hawapendekezi leseni zao zitumike kwa programu, ilhali kwa orodha na maandishi zinafaa.

Kwa sababu leseni haiwezi kutolewa na mtu asiyekuwa na haki, wote watatu walitia saini karatasi ya kukubali, na karani akatia saini kwa upande wa orodha. Michoro ya samaki iliyokuwa kwenye programu iliondolewa, kwani ilikuwa imenakiliwa kutoka kitabu chenye hakimiliki. Picha mpya zilipigwa pale pale bandani, samaki juu ya gunia jeupe pamoja na rula ya shule, nazo zikawa bora kuliko michoro kwa sababu karani mgeni huona samaki kama anavyomwona mezani.

## Data za manahodha

Wakati wa kusafisha msimbo, waligundua faili ya majaribio iliyokuwa na rekodi halisi za miezi kadhaa: majina ya manahodha, namba zao za simu, na mahali chombo kilipovua kwa vipimo vya setilaiti. Mtu yeyote duniani angeweza kuisoma.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuifuta, na kijana aliyefanya hivyo alidhani kazi imekwisha. Git, mfumo unaotunza matoleo ya msimbo, haifanyi kazi hivyo. Kila toleo la nyuma linabaki, na faili iliyofutwa leo inapatikana kwa anayerudi nyuma katika historia ya mabadiliko. Iliwabidi waandike upya historia nzima, jambo linalobadilisha utambulisho wa kila badiliko lililowahi kuwekwa, kisha waombe huduma inayohifadhi msimbo isafishe nakala zilizobaki kwenye seva zake. Nakala ambazo watu wa nje walikuwa wameshazichukua haziwezi kurudishwa kwa njia yoyote.

Kamati iliwaita manahodha na kuwaeleza. Namba za simu hazikuwasumbua sana. Kilichowaudhi, na kilichomfanya mmoja wao atoke kikaoni, ni miamba. Mahali mtu anapovua hurithiwa, hufichwa hata kwa mashemeji, na nahodha huweza kuzunguka njia ndefu alfajiri ili chombo kingine kisimfuate. Kamati iliamua kwamba kuanzia siku hiyo programu itahifadhi eneo pana tu, la kiasi cha kumtosha afisa wa uvuvi, na kipimo kamili hakitaingizwa kabisa.

## Majina

Fomu ilisema wachangiaji waorodheshwe kama wanavyoonekana katika historia ya mabadiliko ya mradi. Historia ilikuwa na majina matatu. Jioni moja bandani, karani alimwuliza kijana wa pili, ambaye ni mtoto wa nduguye:

“Hiyo fomu ina mahali pa jina langu, mwanangu?”

“Ami, fomu inachukua majina kutoka kwenye kompyuta. Walioandika msimbo.”

“Na samaki waliomo mle ndani, nani aliyewaandika?”

Kijana hakuwa na jibu, kwa sababu yeye ndiye aliyeketi usiku mwingi akinakili orodha kutoka daftarini, na historia ilionyesha kwamba kazi hiyo yote ni yake. Karani hakuwa peke yake. Kulikuwa na mama mmoja mchuuzi aliyewafundisha kutenganisha bei ya samaki wa asubuhi na wa jioni, na mwalimu wa madrasa aliyesahihisha Kiswahili cha ujumbe mfupi ili usisomeke kama amri ya serikali.

Mapendekezo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kuwashukuru wote hao katika aya moja ya maelezo ya mradi. La pili lilikuwa kuwafanya wachangiaji kamili. Kamati ilichagua la pili, na namna ya kulitekeleza inafaa kuigwa. Git huruhusu badiliko moja kuwa na watunzi zaidi ya mmoja, kwa kuongeza mwishoni mwa maelezo yake mstari unaomtaja mtunzi mwenza pamoja na anwani yake ya barua pepe, na GitHub huutambua mstari huo. Kwa kuwa historia ilikuwa inaandikwa upya kwa sababu ya data za manahodha, walitumia nafasi hiyo kuweka jina la karani katika kila badiliko lililotokana na daftari lake. Kisha wakatengeneza faili ya wachangiaji inayomtaja kila mtu pamoja na aina ya kazi yake: msimbo, orodha ya samaki, majaribio, lugha, picha. Karani alifunguliwa anwani ya barua pepe kwa mara ya kwanza, kwa jina lake na kwa ridhaa yake.

## Kura

Zawadi ya umma ilihitaji kila mpigaji kura ajisajili kwa barua pepe. Wavuvi wengi wana simu na wana akaunti za M-Pesa, lakini barua pepe hawana. Vijana wa mtaani wakajitolea kuwafungulia wazee anwani na kuwapigia kura wao wenyewe, na idadi waliyoitaja ingetosha kuleta ushindi. Mwandishi mkuu na mwenyekiti walikataa. Sababu waliyoiandika ni kwamba anwani iliyofunguliwa kwa jina la mtu asiyejua nenosiri lake ni udanganyifu kwa waandaaji na ni hatari kwa mwenye jina. Walitangaza mradi kwenye vikundi vya WhatsApp kisha wakaacha kura ziende zitakavyokwenda. Kura za umma zilikwenda kwa mradi wa nchi nyingine wenye wafuasi wengi.

## Kosa lililosubiri

Mizani ya banda husoma kilo kwa desimali moja. Programu ilihifadhi uzani kwa hatua za nusu kilo, na kilichozidi kiliachwa. Nahodha mmoja alipima tafi, mizani ikasoma 17.8, ujumbe kwenye simu yake ukasema 17.5. Alimwonyesha karani simu ikiwa bado inameta magamba, na karani akapeleka taarifa kwa vijana siku hiyohiyo.

Kosa halikurekebishwa hadi msimu ulipokaribia kwisha. Vijana walikuwa wamewasilisha fomu, majaji walikuwa wakisoma msimbo, na waliogopa kwamba kubadilisha chochote kungewaharibia. Masharti ya tuzo hayakukataza marekebisho. Yalisema tu kwamba majaji watatathmini toleo lililotajwa kwenye fomu. Git ina njia ya kulipa toleo alama ya kudumu huku kazi ikiendelea mbele, na vijana waliijua njia hiyo. Hofu ndiyo iliyowazuia, si ujuzi.

Gramu mia tatu kwa pimo moja ni kidogo. Kwa aina tano au sita za samaki, kila siku, kwa msimu ambao ndio unaolisha nyumba mwaka mzima, ni fedha ya mchele na karo. Kilichookoa hali ni kwamba karani, alipoona taarifa yake haishughulikiwi, alirudi kuandika kwenye daftari sambamba na simu. Kutokana na daftari hilo tofauti ilikokotolewa, chombo kwa chombo, na BMU ikaifidia kidogo kidogo kutoka ushuru wa diko.

## Matokeo

Majaji waliupa mradi zawadi ya kipengele chake. Zawadi ilikuwa cheti chenye jina la mradi na la mwandishi mkuu, sanamu ndogo ya kioo, na salio la kutumia seva za kampuni mdhamini kwa mwaka mmoja. Waandaaji waliikubali faili ya wachangiaji na kuiweka kwenye ukurasa wa washindi, lakini cheti hakikubadilishwa.

Miezi michache baadaye mwandishi mkuu aliajiriwa Nairobi, kazi nzuri aliyoistahili. Maombi kutoka madiko mengine, mengi yakitoka upande wa Malindi, yalianza kuingia kwa kasi ambayo vijana wawili waliobaki hawakuiweza, mmoja wao akiwa bado chuoni. Salio lilipokwisha, ankara ya seva ilikuwa kubwa kuliko ushuru wa diko ungeweza kulipa, na kuhama hakukuwa rahisi kwa sababu katika mwaka huo msimbo ulikuwa umefungamanishwa na hifadhidata ya kampuni ile. Walirudi kwenye seva ya bei nafuu baada ya siku kadhaa ambazo diko lilitegemea daftari tupu.

Upande wa leseni ulifanya kazi. Kampuni moja inayouzia hoteli samaki iliichukua programu, ikaibadilisha na kuwapa mawakala wake waitumie mtandaoni. Haki ya kudai msimbo chini ya AGPL ni ya anayetumia mfumo, kwa hiyo ombi lilitolewa na wakala mmoja mwenye asili ya diko hilo. Baada ya barua mbili kampuni ilitoa msimbo wake, na ndani yake mlikuwa na utaratibu mzuri wa risiti ambao sasa uko kwenye programu ya diko.

## Uchambuzi

Manufaa makubwa ya tuzo yalipatikana kabla haijatolewa. Leseni, usafishaji wa data, maelezo ya namna ya kusimika programu yaliyoandikwa kwa Kiswahili, faili ya wachangiaji: yote yalifanywa kwa sababu fomu iliyadai au iliyachokoza, na yote yangebaki hata kama mradi ungeshindwa. Diko moja la kaunti ya Kilifi lilisimika programu kwa kufuata maelezo hayo bila kumwita kijana yeyote kutoka Lamu. Nionavyo mimi, mradi mchanga unaweza kuichukua fomu ya tuzo nzito, kuijaza yote, kisha usiipeleke, na ukawa umefaidika.

Suala la majina linahitaji kutazamwa kwa upana zaidi, kwa sababu halikuzuka Lamu. Mwaka 2015 tuzo ya mifumo ya programu ya ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta, ilitolewa kwa GCC, mkusanyo wa vikusanyaji vya lugha za kompyuta uliojengwa na mamia ya watu kwa miongo kadhaa, na jina lililotajwa likawa moja, la Richard Stallman aliyeuanzisha. Mwaka 2017 tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Mradi wa Jupyter, na safari hiyo ikataja orodha ndefu ya majina. Waandaaji wanaweza, wakitaka. Hata hivyo, orodha ndefu za namna hiyo nazo hutokana na kumbukumbu za msimbo, na mradi unaotegemea maarifa ya watu wasioandika msimbo hauwezi kungoja waandaaji wagundue jambo hilo. Kazi isiyoingia kwenye historia ya mabadiliko haina ushahidi, na mtu wa mbali hana sababu ya kuamini aya ya shukrani. Ndiyo maana naona uamuzi wa kumwandika karani kuwa mtunzi mwenza ulikuwa bora kuliko yote waliyoyafanya. Haukuwa wema kwake. Ulikuwa marekebisho ya rekodi iliyokuwa na kosa. Kasoro yake ni kwamba ulifanyika kwa kuchelewa na kwa bahati, wakati historia ilikuwa inaandikwa upya kwa sababu nyingine. Mradi unaoanza leo unapaswa kuweka watunzi wenza tangu badiliko la kwanza.

Katika data za manahodha, kamati ilistahili sifa kwa kuwaambia wahusika ana kwa ana. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka pia Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale data za watu zinapofikiwa na wasioruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara, na hakuna aliyelifikiria hilo. Kikundi kidogo hakisameheki kwa udogo wake. Kilihitaji mtu mmoja aliyepewa jukumu hilo kwa jina.

Kosa la mizani ndilo linalonisumbua zaidi. Programu iliyokuwa ikisifiwa kwa manufaa ya jamii ilikuwa, katika miezi hiyohiyo, ikiwapunja wale iliyoandikiwa, na walioweza kuirekebisha waliacha kwa kuhofia macho ya watu wa mbali. Hakuna jaji aliyeliona kosa hilo, wala hakuna namna angeliona, kwa kuwa majaji husoma msimbo na maelezo. Hawasimami kando ya mizani. Kabla ya kuingia, kamati ingeandika kanuni moja tu: kosa linalogusa kilo au fedha hurekebishwa siku linaporipotiwa, kuwe na mashindano au kusiwe. Kanuni hiyo sasa ipo, na imebandikwa bandani.

Swali la mhazina lilibaki bila jibu hadi lilipojijibu lenyewe. Ulimwengu wa programu huria unalijua swali hilo vizuri: kabla ya hitilafu ya Heartbleed kugunduliwa katika OpenSSL mwaka 2014, programu iliyolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti ilitunzwa na watu wachache mno, na michango iliyoingia ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka. Umaarufu haukuwaletea watunzaji. Kwa mradi wa diko, salio la seva lilikuwa zawadi isiyolingana na upungufu uliokuwepo. Waliokosekana walikuwa watu wa kujibu na kurekebisha, na zawadi ikaleta mashine ya bure ambayo baada ya mwaka ikawa deni. Ingefaa kamati ipige hesabu ya gharama ya mwezi wa kumi na tatu kabla ya kuhamisha chochote, na kama isingeimudu, ilipokee salio hilo kwa majaribio tu, programu halisi ikabaki ilipokuwa.

Mwaliko wa pili umefika mwaka huu kutoka kwa waandaaji wengine. Safari hii kamati imeanza na swali la mhazina: vijana wawili wa kidato cha nne wanafundishwa kupokea na kupanga maombi ya madiko mengine, na karani ndiye anayeamua lipi lishughulikiwe kwanza. Kamati pia imewaandikia waandaaji kuuliza kama cheti kinaweza kubeba majina yote yaliyomo kwenye faili ya wachangiaji. Jibu halijafika, na wamekubaliana kwamba tarehe ya mwisho ikipita kabla ya jibu, fomu haitapelekwa.